Italia kwa Njia ya Ufini

Bandarini Westerzijl, pale tuta la kuzuia bahari linapokata kona, kuna benchi la mbao ambalo mji mzima unaliita Benchi la Waongo, na wanaolikalia hawajawahi kukanusha. Saa nne kamili asubuhi, inyeshe isinyeshe, utawakuta watatu. Sietse, dereva wa lori mstaafu, anaitwa Upepo kwa sababu hajui kufunga mdomo. Douwe alipima samaki mnadani miaka arobaini, huyo ni Mizani. Wa tatu ni Gerben, aliyekuwa akifungua na kufunga daraja la mfereji. Yeye ni Daraja, kwa kuwa akianza kufikiri jambo, wenzake wote husimama na kungoja. Kati yao kuna chupa ya kahawa na kopo la biskuti. Kila kikombe kina biskuti yake moja, kisha kopo linafungwa, hata ungekuwa mfalme.

Asubuhi hiyo Gerben alikuwa na jambo zito. Kwa miaka kumi na moja amemwahidi mkewe, Tjitske, kwamba watafunga karavani, ile nyumba yao ndogo ya magurudumu, nyuma ya gari waende zao mpaka Ziwa Garda, Italia, kwa barabara za milimani, polepole, wakitazama dunia. Miaka kumi na moja mpango haukamiliki. Leo Tjitske alikuwa ameondoa bilauri mezani, akatandaza ramani, akasema bila kupandisha sauti: saa sita uniletee njia, la sivyo naondoka na dada yangu kwa basi la watalii, wewe ubaki na karavani yako. Gerben alimpenda mkewe, na basi lile alikuwa analiogopa kwelikweli.

— Saa sita hii hii? — Upepo aliangua kicheko. — Umekwisha, babu!

— Usinicheke, nisaidie. Mimi nimefika hapa: Ujerumani, Austria, tunapanda mlima, tunateremkia Italia. Basi.

— Basi nini? — Mizani aliuliza. — Karavani ina kilo ngapi?

— Mia nane.

— Na viazi?

Gerben alikunywa kahawa kwanza. Viazi alikwisha kuvipakia tangu juzi, gunia zima, vya udongo wa Frisia, mkoa wao wa nyumbani. Hakuna mtu wa Westerzijl anayekwenda kusini bila viazi vyake. Baba yake alikwenda navyo mpaka Luksemburgi na akarudi mzima.

— Sabini, — alisema.

— Kilo sabini! Juu ya mlima! Unataka kumuua shemeji?

— Tatizo si viazi, — Upepo aliingilia. — Tatizo ni karavani yenyewe. Imezaliwa hapa, imekulia hapa, mlima haijawahi kuuona hata kwa mbali. Ikifika pale itashtuka. Mimi nasema uizoeze. Kila asubuhi uipandishe tuta mara tano. Wiki ijayo mara kumi.

— Tuta lina mita nane tu, Upepo.

— Kwani milima haianzii chini?

Hilo lilikuwa gumu kulipinga. Gerben aliliandika kwenye daftari lake: tuta, mara tano.

— Acheni masihara, — Mizani alisema. — Hesabu ni nyepesi. Viazi viliwe kabla ya mlima. Watu wawili, kilo moja kwa siku, siku sabini. Hizo siku sabini unazimalizia kwenye nchi tambarare, halafu unapanda ukiwa mwepesi.

— Nchi gani hiyo ya siku sabini?

— Denmaki.

— Denmaki? — Upepo aliruka. — Denmaki nimepita na lori, hata usingizi haujakushika imeisha!

— Haya, Denmaki siku sita. Unaingia Uswidi ya kusini, siku kumi. Unapanda meli, unashuka Ufini. Ufini ni bapa kama meza ya jikoni. Unazunguka na kuzunguka mpaka gunia libaki na vumbi tu. Ndipo unashuka Estonia, Latvia, Polandi, na hapo mlima hauna neno na wewe.

Gerben aliandika. Alipoisoma njia yake, aliona kuna kitu hakijakaa sawa, lakini hakujua ni kipi.

— Kwa hiyo nakwenda Italia kwa njia ya Ufini.

— Kwa mwenye viazi ndiyo njia fupi.

— Na kurudi je? Viazi vimeisha, tuko Italia. Tutakula nini?

Upepo ndiye aliyepata jibu.

— Zika!

— Nizike nini?

— Viazi! Kila unapolala, chimba shimo, weka kilo tano. Kurudi unafukua. Dizeli ya lori letu tulikuwa tunaizika hivyohivyo.

— Mwongo mkubwa wewe, — Mizani alisema. — Na vikichipua?

— Vikichipua anavuna! Amekwenda na sabini, anarudi na mia mbili!

— Hizo mia mbili atazipandishaje mlima?

— Kinyumenyume! Karavani itangulie mbele, gari lisukume. Mlima wenyewe haitauona, karavani imeupa mgongo!

— Karavani ina mgongo upande gani? — Gerben aliuliza, kalamu mkononi, kwa dhati kabisa.

Wakati wote huo mama mmoja mgeni alikuwa amechutama pembeni, mikono imejaa grisi, akirudisha mnyororo wa baiskeli yake uliochomoka. Alikuwa Mjerumani, jina lake Heike, anazunguka pwani peke yake. Mizani alimmiminia kahawa, akampa biskuti moja, akafunga kopo. Heike alikunywa akisikiliza habari za Ufini na mashimo, kisha akamgeukia Gerben.

— Samahani, baba. Mkeo anapenda viazi?



— Kila mtu anapenda viazi, — Mizani alisema.

— Sikuuliza kila mtu.

Gerben alijaribu kukumbuka. Miaka thelathini na nane Tjitske ametenga sufuria mezani saa kumi na mbili jioni. Aliiona sufuria na mvuke wake. Aliiona sahani yake mwenyewe, viazi vitatu na mchuzi, na mkono wa mkewe ukimwongezea cha nne. Aliitafuta sahani ya Tjitske, na hakuiona. Alijaribu Krismasi, alijaribu siku ya harusi ya binti yao, na bado hakuiona. Aliona aibu, na aibu ile ilimuuma.

— Sijui, — alisema.

Akainuka, akachukua baiskeli yake.

— Daraja, unakwenda wapi? Ufini hatujaimaliza! Kahawa bado ipo!

Hakugeuka. Alikanyaga dhidi ya upepo wa bahari mpaka kwake, akamkuta Tjitske uani amesimama karibu na karavani, mkoba wake mdogo umefungwa, simu mkononi, tayari kumpigia dada yake.

— Umeniletea njia?

— Hapana, — Gerben alisema, pumzi zikimpaa. — Tjitske, wewe viazi unavipenda?

Tjitske aliketi kwenye ngazi ya karavani, akacheka hadi machozi yakamtoka, na hayakuwa yote ya kicheko.

— Hata kidogo, — alisema. — Shusha hilo gunia tuondoke.

— Na njia?

— Njia tutaulizana humohumo garini.

Gerben alipanda karavanini, akalikumbatia gunia kwa mikono yote miwili, akalishusha.