Ringi za Puge

Tah! Mlio mmoja tu, usiku, kama mtu anayevunja ukuni kwenye goti. Nikaketi kitandani kusubiri wa pili, na wa pili haukuja. Sogeeni, wanangu, kifua hiki hakiwezi tena kusukuma sauti mpaka mlangoni. Shaban, zima redio. Tatu, mpishe mama yako akae karibu. Mlio huo nimeusikia kila usiku kwa miaka minane, na katika yote ninayowaachia leo, huo ndio wa kwanza.

Habari za Puge mnazijua kama nilivyowasimulia, nami niliwasimulia uongo. Mwaka sabini na tano, watu walipokuwa wamehamishiwa kijijini, kamati iliniita kutoka hapa Isevya nikajenge mnara wa tangi la maji, nguzo nne za zege. Ramani ilitaka ringi, zile pete za chuma chembamba, zizungushwe kwenye nondo kila inchi sita, ziwe karibu zaidi miguuni na vichwani mwa nguzo, na ncha zake zikunjwe ziingie ndani kabisa ya zege. Mimi nilikulia kwenye nyumba za fito na udongo. Nikajiambia ringi ni kama kamba za fito: zinashika nondo zisimame mpaka zege imwagwe, basi, kazi yake imekwisha. Nikafunga moja kwa kila futi, na ncha nikaziacha zimegusana juujuu.

Kaka yenu, yule ambaye jina lake nililifukuza humu ndani, alikuwa ametoka chuo cha ufundi. Akapima kwa kiganja, akatikisa kichwa. “Baba, hizi ziko mbali mno.” Nikamjibu mbele ya vibarua, “Wewe umesoma ramani, mimi nimesoma nyumba.” Wakacheka. Yeye hakucheka. “Baba, nguzo iliyofungwa karibu karibu ikielemewa inapinda, inabanduka ngozi, inalia, watu wanapata kukimbia. Hii itakatika kama chaki. Haitamwonya mtu.” Nikamtuma akachote maji, mtu mzima mwenye cheti.

Kamati nayo ikaleta tangi kubwa kuliko la kwenye ramani, ili siku ya sherehe lionekane kutoka barabara ya Nzega, nami sikukataa. Upepo wa Novemba ukalikuta limejaa. Tah! Ngollo, mlinzi, aliyeniamkia kila jioni kisha akaitania kofia yangu, alikuwa amelala chini yake. Kama kungekuwa kumekucha, wangekuwa kina mama arobaini na ndoo zao. Asubuhi nikaona nondo zimefumuka nje, ringi zimefunguka palepale nilipoziacha wazi, na zege ya ndani imesagika kama unga.

Polisi wakauliza nani alifunga ringi. Nikamnyooshea kidole kaka yenu. Akanitazama, akasubiri niongeze neno, kisha akasema, “Baba amesema kweli.” Miaka mitatu jela. Alipotoka alikuja hapa mlangoni, nikamkataza mama yenu kufungua. Sasa yuko Sikonge, anarina asali kwenye misitu ya watu.

Lenye uchungu zaidi hamjalisikia. Ringi zilizobaki Puge hazikurudi stoo. Nilizipakia kwenye lori la pamba, chini ya marobota, nikajengea nyumba hii kabla mnara haujaanguka. Shaban, gonga nguzo hiyo ya baraza. Gonga! Zimo humo, kila inchi nne, ncha zimekunjwa ndani kama alivyonionyesha yeye. Kama kweli niliamini ni kamba za fito, kwangu nilizifunga za nini? Swali hilo nimelikimbia miaka minane, ndani ya nyumba isiyo na ufa hata mmoja.

Basi nyumba hii ni yake. Najua mirathi ina mafungu yake; nawaomba mridhie mbele ya shehe, kila mmoja kwa kinywa chake. Akitaka kuikaa, mfagilieni. Akitaka kuivunja arudishe chuma Puge, mshikieni nyundo. Nendeni kwa Amne, mjane wa Ngollo, mkamwambie aliyemuua mumewe ni Shomari, baba yenu, na mlitamke jina langu wazi, majirani wasikie. Msinijengee kaburi kwa saruji. Udongo unatosha.

Maji, Tatu... kidogo. Yatosha.

Mwenyezi Mungu awape nyumba zinazolia kabla ya kuanguka, na awape vifua vya namna hiyohiyo, maana changu... changu hakikulia.

Batuli, mke wangu. Nilikuzuia usimtaje, ukatii, ukawa unapakua sahani moja zaidi kila jioni, nami nilikuwa naiona. Nataka kumwita. Ulimi... hauinuki. Niitie wewe. Ita kwa nguvu, kama ulivyokuwa ukimwita aje kula...

“Mabruki!” akaita Batuli.