Mama Kalunde Wathome, Aliyesema Panapouma

Kalunde Wathome, ambaye wengi hapa Kitengela walimjua kama Mama Kiilu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1952 huko Mbooni, katika iliyokuwa wilaya ya Machakos. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Mulei na mkewe Ndunge, wakulima wa mahindi na mbaazi. Dada yake mkubwa alifariki akiwa mchanga, kwa hiyo Kalunde ndiye aliyelelewa kama mkubwa wa nyumba. Hakupenda kulima. Alilisema hilo mwenyewe mara nyingi, wala hakulionea haya.

Alisoma shule ya msingi huko huko Mbooni akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1966. Hakupata nafasi ya kuendelea. Mwaka wa 1968 alijiunga na darasa la ushonaji lililoendeshwa na kanisa mjini Machakos. Mwalimu wao alikuwa akifumua kila mshono uliopinda na kumrudishia mwanafunzi kitambaa bila neno. Kalunde alitoka huko na jicho ambalo halikumwacha maisha yake yote. Katika harusi alitazama upindo wa gauni kabla ya kumtazama bibi harusi, na watoto wake walilazimika kumshika mkono asiinue gauni la mtu kuona ndani limeshonwaje.

Alikutana na Wathome Kiilu mwaka wa 1973. Wathome alikuwa mfanyakazi wa idara ya mifugo mjini Kajiado, akichanja ng'ombe, na alikuwa amerudi nyumbani likizo. Alimletea kitambaa amshonee koti. Alipokuja kulichukua aliona mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine, akakasirika.

"Dada, hii koti imeharibika."

"Haijaharibika. Vaa."

Alipolivaa, mikono yote miwili ilifika mahali pamoja. Miaka ya kuvuta kamba za ng'ombe ilikuwa imemteremsha bega moja, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1974 wakahamia Kajiado. Huko walijaliwa watoto wawili, Kiilu mwaka wa 1976 na Munyiva mwaka wa 1982.

Mjini Kajiado Mama alishona kwenye baraza ya duka moja kando ya barabara ya Namanga. Siku za soko la mifugo wateja wake wengi walikuwa Wamaasai, naye alijifunza Kimaasai cha kutosha kusalimiana, kupima kiuno na kukataa bei. Mwaka wa 1991 familia ilihamia Kitengela, akafungua duka lake la sare za shule. Wengi mlioketi hapa mlivaa nguo zake. Msimu wake mgumu ulikuwa Januari, wazazi walipokuja wote kwa pamoja, kila mmoja akisema mtoto wake anaripoti kesho.

Ugonjwa ulianzia kwenye vidole mwaka wa 1994. Asubuhi alikuwa hawezi kushika mkasi. Baadaye vikafuata viwiko na magoti. Daktari mmoja mjini Kajiado alimwambia ni baridi yabisi, kwamba haitaisha, lakini inaweza kutulizwa. Alimpeleka kwa mtaalamu wa viungo aliyeitwa Naserian. Kwake ndiko Mama alikojifunza njia ya kuishi na maumivu: ameze panadol kwa saa zake, asingoje mpaka alie, brufeni iwe ya siku mbaya tu, na asiimeze kamwe tumbo likiwa tupu, anyooshe vidole kila asubuhi, avae kitambaa kigumu cha kushikilia kifundo cha mkono, na ashone kidogo, apumzike, kisha aendelee.

"Hiyo ya kupumzika," Mama alimwambia, "niandikie kwa karatasi nipatie wazazi wa Januari."

"Nitakuja mwenyewe niwaambie," Naserian akajibu.

Naserian alimwonyesha pia dawa ya nta. Nta iliyeyushwa juu ya maji moto pamoja na mafuta kidogo, ikaachwa ipoe hadi ngozi iweze kuistahimili, kisha Mama akachovya mikono na kuitoa, akachovya tena, mpaka ikavaa nta kama glavu. Naserian akaifunga kwa taulo. Joto likaingia polepole. Nyumbani alitumia mishumaa. Nta ilipoganda aliivua nzima nzima, na siku moja Kiilu alichukua mkono wa nta akauweka mezani kando ya sahani ya baba yake. Wathome alirudi kutoka kazini, akautazama kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni nani amesahau mkono hapa?" Mama alicheka hadi akashika mbavu. Hiyo ni mojawapo ya siku ambazo familia inazikumbuka vizuri.

Mwezi wa Aprili 1998 kulikuwa na mkutano wa injili hapa Kitengela. Mama aliombewa, na usiku huo mikono yake ililegea. Maumivu yaliondoka. Jumapili iliyofuata aliitwa mbele, akafunga ngumi zote mbili kanisa zima likiona, akatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Watu walishangilia. Tangu siku hiyo, kila alipokuja mgeni kanisani, mtu alisema, "Mama Kiilu, hebu simama uwaonyeshe." Naye alisimama akafunga ngumi.

Maumivu yalirudi kabla ya mwezi kuisha. Hakumwambia mtu, hata mumewe. Tunayoyaeleza hapa aliyasema mwenyewe baadaye. Aliacha nta, kwa sababu nta huonekana. Aliacha kwenda kwa Naserian, kwa sababu Kitengela na Kajiado ni watu wale wale. Alinunua dawa kwenye maduka tofauti, brufeni hapa, diklofenaki pale, na ile ya unga ya kuumwa kichwa mahali pengine, akazimeza zote kwa siku moja ili mikono ifunge Jumapili. Alizimeza hata siku za kufunga na kuomba, akiwa hajaonja kitu, kwa sababu hakutaka kula mbele ya wenzake waliofunga. Kwake dawa zile zilikuwa aibu. Ziliwafanya waliomwombea waonekane waongo, na yeye pia.

Hivyo ndivyo alivyoishi karibu miaka miwili. Tarehe 6 Januari 2000, duka likiwa limejaa wazazi, alianguka kando ya cherehani. Alitapika damu. Wathome na akina mama wa kanisa walimfikisha hospitalini.

Daktari aliuliza anatumia dawa gani. Akina mama walikuwa wamezunguka kitanda.

"Hakuna," Mama akasema.

"Hata ya kichwa?"

"Hata ya kichwa."

Mama Akoth, mwenyekiti wa akina mama, akaingilia. "Daktari, huyu Mungu alimponya. Uliza mtu yeyote Kitengela."

"Mimi siulizi kama alipona," daktari akasema. "Nauliza ni nini kimeingia kwa tumbo. Nisipojua, naweza kumpa kitu kimmalize."

Wathome aliwaomba akina mama watoke kidogo, wakatoka. Kisha akamwinamia mkewe.

"Kalunde, nikikuzika nitaambia watu umekufa na nini?"

Mama alishika upindo wa sketi yake. Kwa ndani alikuwa ameshonea mfuko mdogo, mshono wake safi kiasi kwamba kwa nje haukuonekana. Humo ndimo dawa zilimokuwa. Daktari alizitazama akamweleza kwamba zote tatu ni za ukoo mmoja, na kwamba kuzichanganya ni kumeza dawa ile ile mara tatu. Zilikuwa zimemtoboa tumbo. Alimkataza asizimeze tena maisha yake yote. Panadol angeruhusiwa, kwa kipimo. Mengine yote ya Naserian angeruhusiwa pia.

Alikaa hospitalini hadi mwisho wa mwezi. Alipopata nguvu aliomba nafasi ya kusema kanisani. Wathome alimwambia si lazima. Alijibu kwamba ni lazima, kwa sababu Jumapili yoyote angeweza kuitwa tena asimame.

Alizungumza mwezi wa Machi 2000. Hakufunga ngumi. Aliinua mikono jinsi ilivyokuwa.

"Mwaka ule nilisema sina maumivu. Siku hiyo ilikuwa kweli. Yaliporudi sikuwaambia. Nimekuwa nikimeza dawa nikijificha, na karibu nife. Bado niko na maumivu. Hata saa hii ninaposimama hapa."

Mchungaji Kahiga, ambaye yuko nasi leo na ametukubalia tuyaeleze haya, alimuuliza, "Mama Kiilu, ni nani alikukataza dawa?"

"Hakuna, Mchungaji. Lakini mliniita mbele."

Mchungaji aliketi. Aliyesimama ni Mama Akoth. Alifungua mkoba wake akatoa karatasi ya vidonge.

"Hizi ni za mgongo," alisema. "Miaka minne. Nikiombewa nazificha kwa Biblia."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi wakacheka, na wengine walikuwa wakilia. Hakuna aliyemwita tena Mama awaonyeshe wageni mikono.

Kuanzia mwaka huo akina mama wenye maumivu walikusanyika dukani kwake Jumatano mchana. Naserian alikuja mara ya kwanza kuwafundisha mazoezi na namna ya kupima joto la nta ili wasiungue. Kila mmoja alitaja anameza nini, kwa sauti, wengine wakisikia. Hakuna aliyeruhusiwa kumeza kitu kabla ya kunywa kikombe cha uji. Aliyekuwa na kidonda cha tumbo, shinikizo la damu au figo mbovu alirudishwa kwanza kwa daktari. Mama Akoth alipakwa nta kwenye magoti yote mawili akasema, "Nikitoka hapa mtaniwasha stima ikipotea." Mama alimwambia atulie, nta bado haijashika.

Hatutaki kusema kwamba njia hizo zilimaliza maumivu. Siku nyingi zilimtosha kushona hadi saa nane. Siku nyingine hazikutosha. Siku hizo alifunga duka, akalala na chupa ya maji moto magotini, na mtu akimuuliza alimwambia. Polepole aliacha kushona mashimo ya vifungo, kisha kola, kisha akabaki kukata vitambaa tu.

Mwishoni mwa mwaka wa 2005 moyo wake ulianza kudhoofika. Miguu ilivimba, na kupumua kukawa kazi. Alilazwa mwezi wa Mei mwaka huu. Mchungaji Kahiga alipomtembelea alimuuliza anaendeleaje.

"Vibaya, Mchungaji. Magoti, na hapa kifuani. Keti."

Aliketi naye hadi jioni. Mama alifariki asubuhi ya Alhamisi tarehe 15 Juni 2006, mumewe akiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Ameacha mume wake, Wathome Kiilu. Watoto wake, Kiilu na Munyiva. Mkaza mwana wake, Nyawira. Mjukuu mmoja, Kalunde mdogo. Ndugu zake wa Mbooni. Na akina mama wa Jumatano. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Naserian aliyetoka Kajiado kuwa nasi leo, na majirani wote. Kama kuna jina tumelisahau, mtusamehe. Wiki hii hatujaweza kufikiri vizuri.

Alipojua kwamba hatarudi nyumbani, Mama alimwambia binti yake jinsi ya kuandika maneno haya. Alisema, "Usiandike nilivumilia kimya kimya. Watu wa matanga hupenda kusema hivyo. Andika nililia."

Basi imeandikwa. Alilia. Alilia asubuhi nyingi, kwa sauti, na aliyekuwa karibu alikuja.

Mungu ampe pumziko.