Shangazi Aliyewatafutia Mbwa Watu

Kituo chetu cha ufugaji mbwa kina wafanyakazi watano, na ukiniondoa mimi kinabaki na mbwa tu. Sisemi hivi kwa majivuno. Nasema ili msomaji wa jarida letu ajue habari hizi zinatoka kwa nani: dereva mkuu, ambaye pia ndiye dereva pekee, mshauri wa mambo ya magari, mageti na hali ya hewa, na mjomba wa damu wa mwenye kituo. Wapo wanaosema nilipata kazi kwa sababu hiyo ya mwisho. Waache waseme. Kazi nzito ya kumuaga mtu mkubwa haikabidhiwi mtu yeyote tu, hata kama shule aliipitia kwa mbali kama mimi.

Basi ni hivi. Ijumaa hii, tarehe thelathini mwezi wa sita, saa kumi alasiri, Shangazi anastaafu baada ya miaka thelathini na moja na miezi miwili ya kazi. Hapa kituoni hana mpwa hata mmoja. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu mtu akija kutaka mbwa aliulizwa maswali kama kijana aliyekuja kuposa, na shangazi wa binti ndiye amekaa mlangoni.

Alianza kama mfagiaji. Kituo wakati huo kilikuwa mabanda matatu nyuma ya karakana ya seremala, na mwenyewe alikuwa shemeji yangu, baba wa bosi wa sasa. Mambo yalikwenda kienyeji: jike alizaa kila alipoweza, watoto waliondoka wakiwa na wiki tano, na aliyefika kwanza alichukua. Shangazi alifagia miezi minne bila kusema neno. Mwezi wa tano aliingia ofisini, ufagio mkononi, akamwambia shemeji kwamba jike wa banda la katikati amechoka na mwaka huu hazai tena. Shemeji akamuuliza yeye amekuwa daktari tangu lini. Akajibu kwamba yeye si daktari, ila amezaa, kisha akarudi kufagia. Jike akapumzishwa. Nilikuwepo, na kusema kweli shemeji alinitazama mimi kwanza kabla ya kukubali.

Tangu hapo hakurudi nyuma. Leo hapa kwetu jike hazai kabla ya kutimiza miaka miwili, hazai zaidi ya mara tatu maishani, na hazai kabisa kabla daktari wa wanyama hajampiga picha ya nyonga na kumpima moyo na macho. Mtoto haondoki kabla ya wiki tisa. Na mbwa yeyote aliyezaliwa hapa, akishindwana na maisha huko alikokwenda, anarudi, hata akiwa na miaka kumi na meno mawili. Maneno hayo yamebandikwa ukutani ofisini na mpwa wangu huyaita sera. Sera ni Shangazi. Ukuta ulinakili tu.

Asiyewahi kuingia chumba cha watoto hajamjua huyu mama. Kuna redio inayosema kwa sauti ya chini kutwa nzima, ili watoto wazoee watu wanaobishana. Sakafuni kuna kipande cha zulia, kipande cha vigae, trei ya mchanga na vifuniko vya sufuria vya kuangushwa makusudi. Kila mtoto ana utepe wa rangi yake shingoni, na kila asubuhi anapandishwa kwenye mizani ya jikoni. Uzito unaingia daftarini, na pembeni yake tabia. Utepe Mwekundu hupekua kila kitu. Utepe wa Njano akiangushiwa kifuniko hushtuka, halafu hurudi kukinusa. Utepe wa Kijani hurudi kukinusa kesho yake.

Kwa daftari hilo ndivyo alivyoamua nani aende wapi. Mteja hakuchagua mtoto. Alielezea maisha yake, na Shangazi akachagua. Wengi walinuna. Tajiri mmoja alifika akitaka watatu kwa mpigo, wa kupamba bustani ya hoteli yake, siku hiyohiyo. Aliponyimwa alimuuliza kama anajua anaongea na nani. Shangazi akamwambia, "Najua, baba. Naongea na mtu ambaye hayupo nyumbani." Tajiri alifunga mlango wa gari lake kwa nguvu hadi king'ora kikalia.

Lakini wasifu wa mtu usiotaja kosa lake ni tangazo. Mwaka wake wa kumi na mbili hapa, Shangazi aliwapa mtoto mume na mke fulani, mafundi wa meno, watu wapole wanaocheka na kila mtu. Baada ya miezi mitano mbwa alirudishwa akiwa amejitafuna mguu hadi nyama. Alikuwa akifungiwa baraza ya juu, peke yake, kwa muda wa saa kumi na moja kila siku. Shangazi alimuuguza mwenyewe. Katika daftari aliandika: "Kosa langu. Niliwauliza kama wanapenda mbwa. Sikuwauliza wanarudi nyumbani saa ngapi."

Hapo ndipo ukaguzi wa nyumba ulipoanza, na hapo ndipo historia iliponihitaji mimi. Miaka kumi na tisa nimemwendesha nyumba kwa nyumba. Ndani ya nyumba za watu hatazami makochi. Anatazama komeo la geti, mahali viatu vinapovuliwa, na uso wa jirani anapotajiwa neno mbwa. Ana maswali kumi na mawili, na kila familia lazima ijibu ikiwa imekaa pamoja, hadi babu. Swali la nane ndilo linalowatoa watu jasho: ni nani hapa hapendi mbwa? Wote wataangalia dari. Yeye atasubiri. Akishapatikana mwenyewe, Shangazi huhamisha kiti chake na kwenda kukaa karibu naye, kwa sababu anasema maisha ya mbwa yamo mikononi mwa yule asiyemtaka, si mwa yule anayempigia makofi.

Nyumba moja asiyependa mbwa alikuwa bibi, mama wa mwenye nyumba. Alisema waziwazi kwamba mnyama huyo akiingia, yeye anatoka. Shangazi akamwekea mapajani Utepe wa Kijani, tuliyekuja naye, na kuendelea na swali la tisa. Bibi alisema kitu hiki kiondolewe. Baada ya dakika chache akasema kiondolewe lakini polepole, kimelala. Tulipokuwa tunaaga akauliza kinakula nini. Siku hizi hupiga simu kituoni kila mwezi kuwashtaki mwanawe na mkwewe kwamba hawajui kusafisha masikio ya mbwa.

Na hatari zilikuwepo. Nyumba moja tulivamiwa na dume la jirani, ukubwa wa ndama, meno nje. Nilisimama katikati, nikamtazama machoni hadi akainamisha kichwa. Shangazi anasimulia kwamba nilikuwa juu ya paa la gari. Umri unamchezea kumbukumbu.

Kwa hesabu ya madaftari yake kumi na moja, mbwa mia nne na kumi na wawili wamepata watu kupitia mikono yake, na waliorudi ni tisa tu. Ningeishia hapa, ila mwezi uliopita kulitokea jambo, na asiyelijua ataondoka Ijumaa bila kujua anamuaga nani.

Tunaye jike anaitwa Kahawa, mkubwa, wa rangi ya jina lake, miaka saba. Amezaa mara tatu, zamu yake imekwisha. Nyonga yake ya kushoto imeanza kumsumbua na daktari amekataza ngazi. Jike akishapumzishwa hutafutiwa nyumba kama mtoto mchanga, na familia mbili zilikuwa zimeshauliza. Ndipo Shangazi, bila kumwambia mtu, akajaza fomu na yeye. Kahawa alizaliwa mikononi mwake, tena akasuguliwa kwa taulo saa nzima kwa sababu alitoka bila pumzi. Wiki zile za fomu Shangazi alikuwa akila chakula chake cha mchana ndani ya banda la Kahawa, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Mpwa wangu alisema achukue tu, nani wa kumnyima? Shangazi akakataa. Nyumba haikaguliwi na mwenye nyumba, alisema, na akaniteua mimi. Ofisi nzima ilicheka. Mimi sikucheka. Nilikwenda kupiga pasi shati.

Anaishi peke yake ghorofa ya tatu, ngazi hamsini na nne. Ghorofa ya chini ya jengo hilohilo anaishi mdogo wake wa kike, fundi cherehani aliyestaafu. Shangazi nilimkuta ametandika mazulia juu ya vigae ili mguu wa mbwa usiteleze. Bakuli hakununua; alisema si vizuri kununua kabla ya jibu. Niliuliza maswali yote, kwa sauti ya kazi. La nane alijibu bila kutazama dari: asiyependa mbwa ni mdogo wake, tangu utotoni. Nikamuuliza Kahawa atashukaje kwenda haja mara nne kwa siku. Akasema atambeba.

Kahawa ana kilo thelathini na nne. Nilimwambia abaki juu anichemshie chai, mimi nikamtoe Kahawa, niliyemwacha garini, nimlete kifuani, tuone inavyowezekana. Nilipofika ghorofa ya pili niliketi kwenye ngazi na kutafakari kitaalamu. Baada ya tafakuri hiyo tukarudi chini. Shangazi alipoona chai inapoa alitufuata, akatukuta kando ya gari.

Nikamwambia, "Shangazi, huyu mbwa angeombwa na mtu mwingine anayekaa pale juu, ungempa?"

Akampapasa Kahawa sikio.

"Ningemnyima," akasema.

"Basi nami nakunyima."

Alichukua fomu mkononi mwangu, akailaza juu ya boneti, akaandika mwenyewe kwa ule mwandiko wake ulionyooka: "Nyumba haifai. Ngazi." Kisha akanishukuru, akapanda kwenda kumwaga chai. Nimeendesha gari kwenye mafuriko na kwenye moto, lakini kumrudisha Kahawa bandani siku ile ndiyo safari ngumu kuliko zote nilizowahi kuendesha.

Siku ya tatu mdogo wa Shangazi alitokea ofisini. Miaka thelathini na moja hajawahi kukanyaga kituoni. Alisimama mlangoni, kitambaa puani, akasema amesikia dada yake analia jikoni, na yeye akimsikia mtu analia hawezi kushona. Magoti yake ni mazima kuliko nyonga ya huyo mnyama. Watabadilishana nyumba, yeye apande juu, dada yake ashuke chini. Masharti ni mawili tu: mbwa asimrambe, na asiitwe mtoto wa ndugu yake mbele za watu. Jumamosi tulihamisha vyombo. Friji niliibeba peke yangu. Nikakagua upya, maswali yote kumi na mawili, nikatia sahihi.

Kwa hiyo Ijumaa, hotuba zikiisha, Shangazi anaondoka na Kahawa, kiti cha mbele, na mimi naendesha taratibu. Shangazi, kwa niaba ya wenzako na ya wote mia nne na kumi na wawili wasiojua kuandika, ahsante. Umetufundisha kwamba kumpenda mnyama ni pamoja na kujinyima. Tunakuombea asubuhi zisizo na kengele, magoti yasiyouma, na mbwa wa kukuamsha hata hivyo.

Limebaki jambo moja, na naliandika kwa sababu najua shahidi yupo na Ijumaa amealikwa. Pale kwenye ngazi sikuketi kutafakari. Miguu iligoma, mgongo ukalia, nikawa siwezi kupanda wala kushuka, na Kahawa amenilalia mapajani akinilamba jasho. Mama wa ghorofa ya pili, aliyekuwa anakwenda kuanika nguo, ndiye aliyeweka beseni chini, akamteremsha Kahawa hadi garini, kisha akapanda tena kunifuata mimi.