Na Mama Yake Je?

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu mkurugenzi uliyekichapa kitabu hiki, ndugu waandishi ambao hadithi zenu zimo ndani yake, walimu, wanahabari, na nyinyi mliokosa viti huko nyuma, nawasalimu nyote. Baba yake mhariri wa kitabu hiki anawasalimu. Kabaki nyumbani, maana simu hatuiachi peke yake. Bibi yake anawasalimu, anasema mumsamehe, miguu haimruhusu. Mdogo wake anawasalimu. Na mtoto wake, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusoma, anawasalimu sana, anauliza kama kitabu cha mama kina picha.

Mimi shule sikufika mbali. Nimeombwa niseme kwa niaba ya mhariri, binti yangu, kwa kuwa mwenyewe hayupo. Mheshimiwa, ni mama gani asiyependa kumsemea mwanawe? Lakini leo ningependa niwe nimekaa huko nyuma, nampigia makofi yeye.

Kazi yake mnaijua kunishinda. Hadithi za mauaji yasiyo na muuaji, za mizimu, za watu wanaoishi kwenye nyota, zote zinamjia rundo; anachagua, anapunguza, anawarudishia wenyewe watengeneze. Nyumbani alikuwa ananisomea nikipiga pasi. Akikaribia mwisho ananyamaza.

"Haya mama, nani kaua?"

"Mumewe."

"Mama! Huyu hana hata mume!"

Tunacheka mpaka shati linaungua.

Hadithi iliyofunga kitabu mtaisoma. Mwanamke anaingia kwenye nyumba, mlango unajifunga, watu wakiuvunja hawamkuti. Basi, imekwisha. Siku aliyonisomea niliiweka pasi pembeni.

"Na mama yake je? Kaambiwa na nani?"

"Mama, ni hadithi tu. Inatakiwa msomaji nywele zimsimame."

"Zisimame, sawa. Lakini mama yake?"

Asubuhi akaja jikoni macho mekundu. "Umeninyima usingizi wewe. Nataka iongezwe sentensi moja tu, mtu aende akamwambie mama yake."

Nyinyi waandishi ndio mashahidi wangu: aliwahi kumbadilishia mtu mwisho wa hadithi bila ruhusa? Hata nukta? Na mwandishi wa hadithi ile alikuwa hapokei simu, hajibu barua. Binti yangu akafunga mkoba, akapanda basi kumfuata huko anakoishi. Mlangoni akaniambia, "Nikifika nitapiga, usianze kuwaza."

Hakupiga. Ni miezi sasa. Polisi walikwenda, wakakuta nyumba imefungwa, majirani wanasema mwandishi alihama. Kama binti yangu aliufikia mlango ule, hakuna anayesema alimwona. Gazeti moja likaandika kwamba mhariri katoweka kama kwenye hadithi zake, eti jambo la kusisimua. Ndugu zangu, linasisimua nini? Kandambili zake ziko palepale chini ya kiti, na kila nikifagia nazizunguka.

Ndugu mkurugenzi alinijia kwa upole: "Mama, tuiongeze ile sentensi?" Nilimkatalia. Mwenye hadithi hajaruhusu, na mimi siwezi kuivuruga kazi ya mwanangu akiwa hayupo. Ndiyo maana kitabu kimetoka hivyo, na yule mama wa kwenye hadithi mpaka leo hajaambiwa.

Sasa wewe uliyeiandika. Umealikwa kwa redio na kwa magazeti. Kama umo humu umeinamisha kichwa, au unanisikia kutoka mbali, sikuja kukugombeza. Nataka kujua tu: alibisha hodi? Ulimfungulia? Alisema anakwenda wapi? Sentensi moja inanitosha, hata ikiwa mbaya.

Nawashukuru, mmekaa kimya mkanipa masikio. Namba ya nyumbani imeandikwa nyuma ya kadi zenu za mwaliko, na baba yake kakaa karibu na simu. Mwenye neno lolote asingoje kesho. Tuleteeni upesi.