Fundi Giza na Makopo Matano ya Filamu

Ndugu waombolezaji, baba yetu mpendwa, ambaye mlimwita Fundi Giza, wengine kwa heshima na wengine kwa kejeli, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, kitinda mimba wa mshona viatu, akasoma hadi kidato cha nne, na mwaka 1971 akaajiriwa ofisi ya filamu kuwa mpiga picha za sinema, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2006.

Tarehe 12 Agosti 1978 alifunga ndoa na muuguzi wa wodi ya watoto, na mwaka 1980 wakajaliwa binti, ndiye anayewasomea haya, ambaye mama yake alifariki mwaka uliofuata, akaacha sura yake katika makopo matano ya filamu za rangi, ambayo baba alikuwa hajayapeleka kusafishwa ili picha zitokee, hadi maabara ya filamu ikafungwa.

Wataalamu walimwambia filamu zimepitwa na muda, rangi imekufa, atupe, naye akajibu kwamba rangi ikifa kivuli hubaki, akaziba dirisha la bafu kwa blanketi, akaanza kusafisha filamu kuukuu kwa dawa ya picha nyeusi na nyeupe, akizisugua masizi ya mgongoni, ule utando mweusi wa nyuma ya filamu, kwa magadi na sifongo, akijifunza miaka mingi kwa mabaki ya filamu za ofisini, maana za mkewe hazikuwa za kujaribia, na ninyi mkamcheka kwamba anawafulia majini nguo.

Januari 2019 alilazwa kwa ugonjwa wa moyo, na huku nyuma kaka zake wawili, baba wakubwa wa binti huyu, wakaja kufanya usafi wasioombwa, wakafungua makopo uani jua la utosini, eti waone kama kuna picha, wasione kitu, wakasema, "Si tulisema?", ilhali waliambiwa mara ngapi kwamba filamu isiyosafishwa ikiona mwanga imekwisha, na hivyo makopo manne yakafa mikononi mwa damu yake, jambo linalotuuma na ambalo hatutalifunika kwa sababu ya msiba.

La tano lilipona kwa kuwa kifuniko kilishika kutu na kucha zao zikashindwa, baba akalisafisha mwenyewe alipotoka hospitali, na binti wa miaka thelathini na tisa akamwona mama yake akitembea, akianika nguo, akigeuka kumcheka aliyeshika kamera, nao baba wakubwa wakawa wa kwanza kudai viti vya mbele ilipoonyeshwa.

Alifariki tarehe 9 Juni 2023, kwa moyo, si kwa dawa za bafuni kama mnavyonong'ona.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliovumilia harufu ile, na wafanyakazi wenzake waliomwekea mabaki.

Pumzika kwa amani, Baba, giza lako umelipata, na safari hii hakuna wa kukufungulia kabla ya wakati.