Shangazi Kadii Ametaka Ugonjwa Wake Utajwe

Wachungaji, wazee wetu, majirani na ndugu mliofika hapa Sabaki, mimi ni Cynthia, binti wa kaka wa marehemu, na shangazi alinichagua mimi nisome historia yake kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, nina sauti kubwa na woga mwingi.

Marehemu Kadii Mwambire alizaliwa hapa Sabaki tarehe 14 Machi 1971, akapewa jina la bibi yake mzaa baba kama ilivyo desturi yetu. Alimaliza darasa la nane mwaka 1986, akajifunza ushonaji Malindi, na tangu mwaka 1990 alishona sare za shule na magauni ya harusi, huku akitutania mabinti kwamba tunabana tumbo tukipimwa. Tarehe 9 Desemba 1995 alifunga ndoa na Mwaro Kambi, wakajaliwa watoto wawili, Kambi na Pamela.

Mwezi Agosti 2021 aligundua uvimbe kwenye titi la kushoto, daktari akamuuliza ni nani katika ukoo aliyewahi kuugua hivyo, naye akajibu hakuna, kwa kuwa historia zote zilizosomwa kwenye mazishi yetu husema marehemu aliugua kwa muda mfupi. Baadaye aliwabana wazee, wakakiri kwamba bibi yake Kadii mwaka 1979, na shangazi yake Sidi mwaka 1994, walikufa kwa ugonjwa huohuo wa titi, wakanyamaziwa ili mabinti wa ukoo wasikose wachumba. Alikasirika siku mbili, kisha akazunguka nyumba hadi nyumba, akitueleza kwamba hatari hii hurithiwa hata kupitia kwa baba, kwamba si kila mwenye damu yetu ataugua, na kwamba uvimbe ukigunduliwa mapema hutibika. Mimi nilimwahidi mara tatu kwamba nitakwenda kupimwa, na mara tatu nikatoroka.

Alifariki tarehe 2 Mei 2025 kwa saratani ya matiti, na aliagiza nirudie, saratani ya matiti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliompikia uji, na mafundi wenzake waliomalizia sare zake.

Shangazi, Jumanne wiki hii nilikwenda na Pamela, nikapimwa, na majibu ni Ijumaa ijayo. Pumzika kwa amani, usihangaike kunisukuma tena, nitakwenda kuyachukua mwenyewe.