Friji ya Mzee Anselim

Kijiwe cha Mama Febronia ni ubao mmoja juu ya matofali, kando ya barabara ya Mlimba, na birika lisilotoka mkaani. Ukikaa pale asubuhi unaiona nyumba ya Mzee Anselim, mstaafu wa reli, mtu wa salamu fupi. Miezi miwili alikuwa akiihangaikia Haisi yake kuukuu: katoa viti, kaweka kitanda, meza ya kukunja, mapazia, na juu ya paa paneli mbili za sola. Hakumwambia mtu ni ya nini, na hilo ndilo lililotukera. Sasa siku hiyo Voltiji, fundi wetu wa simu na redio, akaja na karatasi.

— Kanipa mwenyewe, alisema. Anataka nimpigie hesabu ya betri. Sikilizeni: taa mbili, feni moja, simu mbili, friji ndogo saa ishirini na nne. Na hapa kapiga mistari miwili: friji isizime.

Bunge, tuliyempa jina hilo kwa sababu hakai mpaka amalize hoja, alisimama.

— Isizime? Nyumbani ana friji, na ya garini isizime? Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi!

— Samaki kaingiaje hapo?

— Nyama, Voltiji! Nyama ya porini. Unadhani kitanda cha nini? Cha kufunikia!

Luhende alitikisa kichwa. Ni mfugaji, Msukuma aliyefika bondeni na ng'ombe wa baba yake.

— Nyama haihitaji paneli. Juzi nimepita na mifugo, kitu kikanimulika machoni. Zile zinapiga picha. Ng'ombe wanahesabiwa, kesho tunaambiwa tuhame.

— Sola haipigi picha, Luhende.

— Umeifungua ukaona ndani?

Voltiji akanywa kahawa yake.

— Mimi nimemwona akijifungia humo mchana kweupe, alisema Mama Febronia. Katoka baada ya saa nzima, kaandika kitu kwenye daftari, karudi ndani.

— Haya! Bunge alipiga paja. Analala kwenye gari lisilotembea! Jamani, hata ungo siku hizi hauruki bure, unataka chaji.

Tulicheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali. Mama Febronia alipiga ishara ya msalaba.

— Mficha uchi hazai, Bunge akamalizia.

— Mzee ana miaka sabini, alisema Voltiji, azae nini tena?

— Ndiyo mjiulize!

Luhende akatoa simu. Akasema anampigia mwenyekiti wa mtaa, gari lifunguliwe mbele ya watu. Hakuna aliyemzuia, hata mimi. Alikuwa bado anatafuta namba pale Mama Agnella, mke wa Anselim, alipovuka barabara taratibu na mwavuli wake.

— Shikamoo mama, tuliamkia karibu wote kwa pamoja, kama watoto waliokutwa jikoni.

— Marahaba. Voltiji, ile hesabu imefika wapi?

— Naendelea nayo, mama.

— Basi niambie kitu kimoja. Mvua ikikaza siku nne, jua lisionekane, hiyo friji itavuka?

Voltiji aliitazama karatasi. Bunge akakohoa.

— Inategemea, mama, alisema Voltiji, ndani mmeweka nini.

Mama Agnella alimtazama, kisha akamtazama Luhende na simu yake. Nadhani alielewa yote. Akafungua mkoba, akatoa chupa ndogo ya chai iliyojaa barafu, na katikati ya barafu kichupa cha dawa ndani ya mfuko wa nailoni.

— Hii. Nina sukari mwaka wa tisa, najichoma sindano kila siku. Ikipata joto inaharibika. Mwaka jana nilikwenda Uchindile kwa binti yangu Eliza, kambi ya mashamba ya miti, umeme hakuna. Barafu iliyeyuka, nikaendelea kujichoma dawa iliyokufa. Treni ilinirudisha sijitambui.

— Mbona hamkusema, mama? aliuliza Mama Febronia.

— Mimi nilimkataza Anselim. Sitaki kuonewa huruma na watu ninaowauzia mchele. Lakini Eliza amejifungua mapacha, na mimi nakwenda. Haya, fundi. Siku nne?

— Sijui, mama.

Miaka yote kijiweni sikuwahi kumsikia Voltiji akisema neno hilo. Luhende aliirudisha simu mfukoni, akaondoka bila kuaga. Alirudi na turubai lake la kuanikia mpunga, akapanda juu ya Haisi na kuzifunika paneli.

— Hiyo ndiyo mvua, alisema. Sasa tuhesabu.

Friji ilizima siku ya pili, alasiri. Mzee Anselim aliketi kizingitini mwa gari, akaiandika saa kwenye daftari lake. Voltiji akakesha na hesabu zake, asubuhi akaja na jibu: feni itolewe, betri ya pili iongezwe. Tukaacha jua lizijaze, tukafunika tena. Mama Febronia alisoma kipimajoto cha ndani ya friji asubuhi, Voltiji jioni, Mzee akaandika daftarini. Bunge alisisitiza kuchungulia mwenyewe kila siku; nadhani bado alikuwa anatafuta nyama. Jioni ya nne kipimajoto kilisoma nyuzi sita, baridi inayoitosha dawa, na Mzee Anselim alitushika mikono mmoja mmoja.

Waliondoka Jumatatu, baada ya misa ya asubuhi. Haisi ilisimama mbele ya kijiwe, Mama Agnella akashusha kioo. Luhende alimpa kibuyu cha maziwa ya mgando. Bunge alisogea dirishani.

— Mtarudi lini, mama?

Mama Agnella alikiweka kibuyu mapajani.

— Watoto wakishanijua, alisema, na Mzee Anselim akatia gia.